Siku Tuliyozika Meno

Vijana mkijua kwamba niliwahi kuwa mkalimani wa madaktari, swali lenu huwa moja: "Mjomba Sefu, ulikuwa unatafsiri kila kitu?" Mnaliuliza huku mnacheka, kwa sababu jibu mnalishuku. Basi jibu ni ndiyo, nilitafsiri kila kitu, lakini si kila kitu papo hapo. Hapo katikati, neno likishatoka kwenye mdomo wa huyu na kabla halijafika kwenye sikio la yule, ndipo kazi yote ilipo. Kujua maneno si kazi. Maneno hata redio inayajua.

Kazi yenyewe nimeiacha. Hakuna aliyenistaafisha, hamsini sijaifikia na magoti yangu ni mazima. Niliacha siku nilipogundua kwamba hata nyumbani, mama na dada yangu wakizungumza yao, midomo yangu inachezacheza kuwafuatisha. Dada akaniuliza kama nimepatwa na jini. Tangu hapo nimekaa Mtwara, nimekaa Lindi, nimeonja Pemba kidogo, nikarudi tena Mtwara, na kila ninapotua nahisi kama kiatu changu kimoja kimebaki kwetu Palma, ng'ambo ya mpaka. Shule yangu ni ya sekondari tu. Kireno nilikipata darasani, Kiswahili nilikinyonya kwa mama, na Kimwani nilikiokota sokoni. Msitarajie makubwa.

Aliyenifundisha kazi hakuwahi kuitwa mkalimani. Ni Mama Ancha, mfagiaji wa kituo cha afya. Madaktari wa kigeni waliokuja baada ya uhuru walikuwa hawaelewani na wagonjwa, basi wakawa wanamwita aweke ufagio chini asogee. Akasogea hivyo mpaka akaota mvi. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimesimama baina ya daktari na mgonjwa, nimenyooka kama mlingoti. Akanivuta shati kwa nyuma.

"We Sefu, wewe ni ukuta au dirisha?"

"Dirisha, mama."

"Sasa mbona mgonjwa anaangalia mgongo wako?"

Toka hapo nikawa nasimama ubavuni mwa mgonjwa, sote wawili tunamtazama daktari. Lijaribuni hilo. Mgonjwa akikuona uko upande wake atakwambia anapoumwa kweli. Ukisimama upande wa daktari, atakwambia kile anachodhani daktari anataka kukisikia, na atapewa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Mama Ancha alinifundisha pia kusema "mimi". Mgonjwa akisema "naumwa", usiseme "huyu anasema kwamba anaumwa". Sema "naumwa", basi. Utachekwa. Mimi nimesema mbele ya kadamnasi kwamba nina mimba ya miezi saba na mtoto anacheza sana usiku, na kadamnasi ikaanguka chini kwa kicheko. Lakini daktari alimwangalia yule mama, hakuniangalia mimi. Hapo ukalimani umefanya kazi yake.

Na maumivu msiyakusanye kwenye neno moja. Daktari akiuliza "linauma?", uliza linaumaje. Linachoma? Linavuta? Linapwita? Jino linalochoma ukinywa maji ni habari moja. Jino linalopwita kama ngoma ya mbali, na mtu hawezi kulala upande huo, hilo chini yake kuna usaha. Madaktari watakupenda ukiwaletea neno lenye sura.

Lakini somo kubwa kuliko yote sikufundishwa na Mama Ancha. Nililipata siku moja ya meno, katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Olumbi, upande wa baharini, na ndiyo siku ninayotaka kuwasimulia.

Miaka ile gesi ndiyo kwanza ilikuwa imegunduliwa huko baharini kwetu. Palma ilijaa wageni ghafla. Helikopta zikawa zinapita juu ya mihogo yetu kama nyuki, na magari meupe yakawa yanatimua vumbi barabara nzima. Hawakuwa watu wabaya. Walisalimia, waligawa pipi. Ila kila aliyekuja alichukua kitu kidogo akaondoka nacho. Huyu alichota udongo akautia kwenye kifuko. Huyu alijaza maji ya kisima kwenye chupa na kuibandika karatasi. Mwingine alizunguka minazi na mikorosho akiipima mapana. Ukimuuliza, anasema ni vipimo tu. Na hakuna hata mmoja aliyerudi kutuambia vipimo vilisema nini. Basi watu wakajifunza kutomwangalia mgeni usoni. Wakawa wanamwangalia mikono: huyu naye anaondoka na nini?

Katika hali hiyo ndipo walipokuja Wabrazili wangu. Walikuwa Wakristo, kikundi kidogo tu, waliotumwa na kanisa lao kuja kutibu watu wakati wa likizo zao. Daktari wa meno aliitwa Osvaldo, pande la mtu, jasho halimkauki, lakini mikono yake laini kama ya mshona kofia. Aking'oa jino huimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Muuguzi wake aliitwa Dona Selia, mama mfupi mwenye miwani, ambaye hakuna vijidudu vilivyowahi kumshinda. Kalamu yangu aliipangusa kwa spiriti kila asubuhi. Mimi nilikuwa mdomo wao.

Kila siku kabla ya kuanza, Daktari Osvaldo alifumba macho na kuomba. Siku ya kwanza watu wote wakanigeukia mimi: anasema nini huyu? Mimi Mwislamu, mtoto wa Palma, jina la babu yangu linajulikana msikitini. Nikakumbuka dirisha. Nikatafsiri ombi kama lilivyo: "Mungu, mikono yangu isitetemeke, na nisimuumize mtu aliyetembea mbali kuja kwangu." Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Hiyo dua haina ubaya," na wengine wakaitikia amin. Daktari akafikiri Olumbi nzima imeokoka.

Siku nyingi tulitibu macho na vidonda na homa za watoto. Kiti cha meno kilichelewa njiani, kwa hiyo siku ile ndiyo ilikuwa ya kwanza ya kung'oa. Tulijipanga katika shule ya makuti. Aliyekaa kitini mwanzo alikuwa Bi Fatu, bibi mmoja mwembamba mwenye meno machache na maneno mengi.

"Mwambie huyo jitu," akaniambia, "ang'oe jino, ulimi auache. Nina ugomvi na jirani, sijaumaliza."

Nikamfikishia daktari. Akacheka mpaka koleo likamtikisika mkononi. "Mwambie ulimi wake ni mali ya taifa, siugusi."

Akamng'oa mawili, akampa pamba. Na hapa mnisikilize vizuri. Kila aliyeng'olewa nilimpa maagizo yaleyale ya daktari: "Bana pamba hiyo kwa nguvu, damu isitoke. Usiitoe na usiongee mpaka adhuhuri." Nilisema kwa msisitizo, watu wakatii. Jino likaenda kwenye ndoo ya buluu yenye kifuniko, mtu akaenda kukaa kwenye mkeka nje.

Kufikia saa tano nje kulikuwa na msikiti mzima wa watu waliobana pamba, kimya, mashavu yamevimba. Kila mmoja akitoka kitini aliinyooshea ndoo kidole na kunguruma "mm, mm". Daktari akifikiri wanamshukuru, naye akiinua kidole gumba. Mimi nilidhani wanashangaa wingi wa meno. Nilikuwa nimewafunga vinywa kwa maagizo yangu mwenyewe, halafu nikasifu jinsi walivyo watulivu.

Muda mfupi kabla ya adhuhuri akafika mtu anasukuma baiskeli. Kwenye kibebeo kakaa mkewe, kafungwa kwenye tandiko kwa kapulana, kile kitambaa cha kujifunga wanawake wa kwetu, asianguke. Mtu mwenyewe alikuwa Amade, mvuvi wa pweza, na mkewe aliitwa Mwanasha. Sikuhitaji kuuliza linaumaje. Taya la kushoto lilikuwa limevimba mpaka shingoni, ngozi inang'aa. Mdomo haukufunguka hata kwa kupitisha ncha ya kijiko. Mkononi alishika kopo, akawa anatemea mate kidogokidogo, kwa kuwa kumeza alishindwa.

Daktari Osvaldo akaacha kuimba. Akamshika chini ya kidevu kwa vidole viwili, akamsikiliza anavyopumua, akanivuta pembeni.

"Usaha unashuka shingoni. Nikiufungua sasa hivi, anapona. Ukiachwa ushuke zaidi, utamziba pumzi. Hospitali ya kumfanyia kazi hii iko mbali, na kwa barabara ile sitaki kumtia garini akiwa hivi. Waulize kama wananiruhusu."

Nikasimama ubavuni mwa Mwanasha, nikayasema yote. Amade akasikiliza, akatazama kopo la mkewe. Akafungua mdomo ajibu.

Hapo ndipo tuliposikia yowe nyuma ya shule.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Pamba zilikuwa zimetoka vinywani zote kwa pamoja, na sauti ya kwanza ilikuwa ya Bi Fatu: "Meno yangu yako wapi?" Akaingia darasani, ndoo haipo. Akafuata moshi. Nyuma ya shule akamkuta Dona Selia kwenye pipa la chuma, anachoma pamba za damu na karatasi kama walivyofundishwa kwao, na ndoo ya buluu ndiyo kwanza ameimwaga humo.

Kwetu, nanyi mnajua, kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi ovyo. Nywele, kucha, jino, huzikwa. Kituo cha afya cha Palma wanakupa jino lako kwenye karatasi, unakwenda nalo. Hakuna aliyewahi kufikiri kuna watu duniani wanaolitia moto.

"Wanatuchoma!" Bi Fatu alikuwa anapiga kelele, mdomo nusu bado na ganzi. "Wanatuchoma tukiwa hai!"

Watu wakajaa. Kijana mmoja akapaza sauti: "Juzi udongo, jana maji, leo meno!"

"Wanapima gesi hao," akadakia mwingine. "Sisi tunakunywa maji ya hapa, gesi imo kwenye meno yetu. Wanatia moto waone unavyowaka. Ukiwaka wa buluu, kijiji chote tunahamishwa!"

Wawili watatu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Na mimi, nilipogeuka, nikaona Amade amegeuza baiskeli.

"Amade, ngoja."

"Ningoje nini, mano Sefu, kaka yangu? Kama jino wanalitia moto, shingo ya mke wangu wataifanya nini?"

Mwanasha alikuwa ameshikilia tandiko la baiskeli kwa mikono miwili. Alikuwa anatazama shule. Hakuweza kusema kitu.

Dona Selia alikuwa mweupe kama chaki. Akaniambia kwa Kireno, haraka haraka: "Waambie ni taka. Taka za hospitali huchomwa. Ndio usafi, waambie!"

Neno limeshafika mkononi mwangu, na watu wote wananiangalia mdomo. Kulificha nisingeweza, kulikuwa na vijana pale waliosoma Kireno kama mimi. Na kulipamba sikutaka, maana siku ukipamba moja, hakuna atakayekuamini jingine. Nikamgeukia yeye.

"Dona Selia, hilo neno nitalipeleka ukitaka. Lakini likifika kule litafika hivi: miili yenu ni taka. Nilipeleke hivyo, au unataka kulisema upya?"

 Alivua miwani. Moshi ulikuwa unamwingia machoni.

"Kwani wao," akasema taratibu, "huwa wanayafanyaje?"

Hilo nililipeleka mbio. "Nauliza," nikasema kwa sauti ya kufika nyuma, "ninyi meno yenu mnayafanyaje?"

Kelele zikapungua. Hawakuwa wamezoea kuulizwa. Wenye vifuko na chupa hawakuwahi kuuliza. Mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye naye asubuhi aling'olewa gego, akasogea mbele huku ameshika shavu.

"Huzikwa," akasema. "Limetoka kwa mtu, linarudi ardhini kama mtu. Hatuna hasira na moto wa pamba. Moto wa jino ndio hatuutaki."

Nilipomaliza kutafsiri, Daktari Osvaldo alilisogelea pipa akalipiga teke. Pipa likalala, majivu na makaa ya karatasi yakamwagika mchangani, na lile pande la mtu likapiga magoti, likachukua kijiti likaanza kuchambua. Moto ulikuwa wa juujuu tu. Meno yalikuwa chini, yameshika masizi basi. Akalipata la kwanza, akalipuliza, akaliweka kwenye kiganja. Dona Selia akapiga magoti upande wa pili. Kidogo Bi Fatu naye akainama, mikono kiunoni.

"Waambie wasiyachanganye tena," akasema. "Na mwambie huyo mama aniazime glovu. Mimi siokoti meno ya mume wa jirani kwa mkono mtupu."

Nikasikia kicheko kimoja nyuma yangu, kisha kingine. Mjue kwamba mkalimani hutambua kicheko cha hatari na kicheko cha salama kama mpishi anavyotambua mafuta. Hiki kilikuwa cha salama.

Daktari akainuka, magoti meusi, akaniambia, "Twende kwa yule mume." Amade alikuwa amesimama na baiskeli ukingoni mwa uwanja, haondoki wala harudi. Nikataka kuanza kutafsiri, akaninyooshea mkono kunizuia.

"Mano Sefu, sitaki maneno yake. Nataka yako. Wewe ni wa kwetu. Nimpe mke wangu?"

Nimewaambia tangu mwanzo kwamba mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya watu. Siku ile niliulizwa "mimi" ya kwangu, na nilihisi nimevuliwa shati. Nikamwambia daktari kwanza, ili asidhani namsengenya: "Ananiuliza mimi binafsi, nitamjibu mimi binafsi." Akaitikia kwa kichwa, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Amade," nikasema, "mimi si daktari. Naona kitu kimoja, mkeo hamezi mate. Na nimeona kingine, na wewe umekiona, huyu mtu kapiga magoti kwenye majivu kutafuta jino la Bi Fatu. Angekuwa dada yangu kwenye hiyo baiskeli, ningemshusha."

 Akamtazama mkewe, naye Mwanasha akaachia tandiko, akajifungua kapulana mwenyewe, akashuka.

"Lakini jino lake," Amade akamwambia daktari, na hili nililitafsiri kwa furaha, "jino lake nilishike kwa mkono wangu."

"Kwa mkono wako," Daktari Osvaldo akasema.

Sitawasimulia kisu. Nitawaambia tu jinsi ya kutafsiri kwa mtu asiyeweza kusema. Bi Fatu tulimpa mkono wa Mwanasha aushike, na tukakubaliana: kubana ni ndiyo, kuachia ni hapana. Daktari akiuliza, namwambia Mwanasha, Mwanasha anabana, na Bi Fatu anatangaza. "Kaniminya, inauma kidogo!" "Kaachia, haiumi, endelea!" Dona Selia alishika kichwa. Usaha ulipotoka, chini ya taya, ulitoka mwingi na kwa harufu iliyowafukuza wachunguliaji wote madirishani. Bi Fatu akasema, "Hiyo sasa ndiyo gesi yenyewe, waambie waje kuchimba hapa." Nikamtafsiria daktari, naye akalazimika kusimama kwanza, kicheko kisimtikise mkono.

Tukangoja. Mwanasha alichomwa sindano, akapumzishwa kwenye mkeka, Amade kakaa kichwani pake. Wakati wa kungoja ndipo ungo ulipotandazwa nje na meno yakawekwa juu yake, yameoshwa na Dona Selia kwa maji ya dawa mpaka yanameta. Wenyewe wakaja kuchagua. Sijawahi kuona soko kama lile.

"Hayo mawili meusi ni yangu," Bi Fatu akasema bila hata kuinama. "Tumeishi pamoja toka enzi za Wareno, nitayasahau?"

Jamaa mmoja akachukua gego jeupe zuri. Mkewe akampiga kofi mkononi. "Rudisha! Mdomo wako lini ulikuwa na jino kama hilo?"

Yaliyokosa mwenyewe yalibaki kwenye ungo kama punje za mahindi. Mwalimu wa chuo akasema yatazikwa pamoja, akachimba shimo dogo kando ya makaburi. Daktari Osvaldo alikuja, akavua kofia, akasimama nyuma kabisa. Aliniuliza kwa kunong'ona kama anaruhusiwa kuomba kimoyomoyo. Nikampelekea mwalimu.

"Aombe," mwalimu akasema. "Ila mwambie asiyaimbie. Asubuhi ameyaimbia ya kutosha."

Baada ya alasiri uvimbe ulikuwa umelegea, na mdomo wa Mwanasha ukafunguka upana wa kidole. Jino lenyewe lilikuwa limeshakufa, linatikisika. Daktari alilitoa kama anayetoa kizibo. Nikampa Mwanasha maagizo yaleyale: bana pamba, usiongee. Akayameza mate yake. Nilimwona koo likipanda na kushuka, na Amade alimwona pia, akalitoa lile kopo nje akalitupa mbali kwenye majani.

Tulipakia vitu. Mpango ulikuwa kulala Olumbi ili asubuhi turudi kumwangalia tena. Gari likaanza kwenda, Dona Selia kaegemeza kichwa kwenye kioo, daktari kafumba macho. Hatujafika mbali dereva akasema, "Kuna mtu anatukimbiza."

Nikageuka. Alikuwa Amade juu ya baiskeli, anakanyaga kama mwehu, anapunga mkono mmoja na kupiga kelele ambazo injini ilizimeza. Daktari Osvaldo alikwishafungua mlango kabla gari halijasimama. Nilimsikia akimwita Mungu wake, na nilijua anafikiri nini, kwa sababu hata mimi nilifikiri hivyohivyo: pumzi imeziba, au damu imekataa kukauka. Dona Selia alikuwa ameshashika begi la dawa kifuani.

Amade akafika, akaangusha baiskeli, akainama kushika magoti. Hawezi kusema. Tulimngoja, na ule muda ulikuwa mrefu kuliko siku nzima.

"Kaongea," akasema hatimaye.

"Nani?"

"Mwanasha! Katoa pamba, kaongea. Ananitukana, mano Sefu, ananitukana matusi ya kwao Nhica, mdomo umefunguka wote!" Akawa anacheka na machozi yanamtoka. "Ananiita mume gani mimi."

"Anasema nini hasa?" nikauliza, maana nilikuwa kazini. Akaniambia.

Daktari Osvaldo alikuwa amenikazia macho, jasho linamtiririka, mikono wazi mbele yake. Nikasimama ubavuni mwa Amade, bega kwa bega, kama Mama Ancha alivyonifundisha, nikasema kwa Kireno safi, kwa "mimi", neno kwa neno:

"Jino langu liko wapi?"

 Daktari akajipiga kifuani, kwenye mfuko wa shati, akatia vidole viwili, akatoa kipande cha pamba kilichokunjwa vizuri. Alikuwa amelitia pale mwenyewe lisije likapotea, akasahau kulitoa. Akaikunjua pamba, akahakikisha, akaikunja tena. Akamwekea Amade mkononi, akaufunga ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

Amade akalifunga kwenye pindo la kapulana ya mkewe iliyokuwa shingoni mwake, akapanda baiskeli, akarudi akipiga kengele njia nzima bila ya mtu wa kumpisha. Dereva hakuwasha gari. Dona Selia aliteremka akakaa kwenye nyasi kando ya barabara, yeye na usafi wake wote, akakaa tu. Nasi tukakaa.